Majirani wanasema gari langu linakula umeme wao

Yaya, jambo sana.

Ninakuandikia kutoka etaji ya pili ya nyumba moja hapa Lubumbashi, upande wa Bel-Air. Tuko familia nane ndani ya lupango moja: kisima kimoja chenye pompi, gurupe moja (jenereta) nyuma ya kibanda cha sentineli, na parkingi ambayo kila apartema ina nafasi yake iliyochorwa rangi nyeupe. Mume wangu anafanya kazi Kolwezi, anarudi mara mbili kwa mwezi. Mimi ninaoka gato kwa gesi: za ndoa, za ubatizo, za watoto wanaomaliza shule. Ninazipeleka mwenyewe kwa wateja, leo Golf, kesho Katuba, keshokutwa Ruashi. Kwa siku ninazunguka kama kilomita 40.

Mwezi wa tano tulinunua gari la umeme, Nissan Leaf ya zamani, kwa mtu aliyekuwa anahama. Esansi ilikuwa inamaliza faida yote ya gato. Sasa limeshatembea kilomita 3600 mikononi mwangu. Halina kelele, halitikisiki ovyo, gato ya ghorofa tatu inafika kwa bibi harusi krimu ikiwa nzima. Ninalipenda sana gari hili, Yaya, sitaki kukuficha.

Shida ni kulichaji. Nafasi yangu iko mbali na ngazi, kwenye ukuta wa nyuma. Nilinunua ralonji ya mita 40, ile inayozungushwa kwenye gombo, nikaishusha kutoka dirisha la jikoni. Siku ya kwanza gari lilikataa; kile kisanduku kilicho katikati ya waya wake kiliwasha taa nyekundu. Nikaita fundi wa mtaani. Akafungua prizi ya jikoni, akaunganisha kawaya kadogo ndani yake, dakika tano tu, taa ikawa kijani. Tangu hapo halijasumbua tena. Kwa kuwa SNEL, shirika la umeme, ikikata mara nyingi umeme unarudi saa nane ya usiku, sentineli ndiye anayechomeka kule chini. Ninampa kitu kidogo kila Jumamosi.

Halafu maneno yakaanza. Kontere yetu ni moja, fakture inakuja moja, tunaigawa mara nane sawasawa. Mama wa chini, mjane mwenye watoto watatu, anauza maji na juisi baridi mlangoni kwake. Anasema tangu gari langu lifike taa zake zinafifia usiku, na juma moja limepita friji yake imekufa. Baba wa etaji ya kwanza aliniita mwizi wa umeme mbele ya watoto wangu. Siku hiyo nililia ndani ya gari.

Juzi nilisikia harufu jikoni, kama plastiki iliyosahauliwa juu ya mbabula. Nikachomoa fishi: upande mmoja umekuwa kahawia, na prizi yenyewe ilikuwa laini, kidole kikaingia kama kwenye unga uliokandwa. Niliogopa, lakini kesho yake nilikuwa na oda mbili za ndoa. Nikahamia prizi ya pili, ileile ralonji, baada ya yule fundi kuja tena na kuiwekea kawaya kama ya kwanza.

Na kuna jambo ambalo hata mume wangu halijui. Mara tatu nilichaji wakati gurupe inawaka, jioni nzima, na mazutu ya gurupe tunachanga wote.

Mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu wa tisa: gari litoke ndani ya lupango, au tutoke sisi. Jumapili hii kuna mkutano wa wapangaji wote. Mume wangu kwenye simu anasema nisimame imara, niwaambie tunalipa nyumba, tunalipa parkingi, tuna haki yetu. Mimi sina nguvu ya kusema hivyo. Je, kuna njia ya kuweka prizi ya gari kwenye parkingi ya watu wengi bila vita? Na Jumapili niseme nini?

Mama wa gato, etaji ya pili

*

Mama wa gato, mdogo wangu, jambo sana.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na habari ya majirani itangoja kidogo. Leo usilichomeke hilo gari. Usilichomeke hata kwa saa moja, hata kama kesho una ndoa tano. Kodi teksi upeleke gato, utalipa, itauma, lakini lipa. Umeandika juu ya kawaya kadogo ndani ya prizi kana kwamba ni jambo dogo, na mimi moyo wangu ulisimama hapo.

Kile kisanduku kilichowasha taa nyekundu kimewekwa pale makusudi kikague nyumba kabla gari halijapokea umeme. Kinatafuta waya wa ardhi, ule mafundi wetu wanaouita la tere. Prizi yako haikuwa nao, kama prizi nyingi za nyumba za zamani za mji huu, na kisanduku kikasema ukweli: hapa si salama. Fundi wako hakuleta waya wa ardhi ndani ya dakika tano, haiwezekani. Alichukua nyutre, ule waya unaorudisha umeme, akaifunga na tundu la ardhi. Kisanduku kikaona kuna kitu pale, kikadhani ni ardhi, kikaruhusu.

Sasa fikiria siku nyutre inakatika. Inaweza kukatika kwenye nguzo upepo wa mvua za kwanza ukipiga, au kwenye kabine ya transfoma, au ndani ya prizi iliyoungua kama yako. Siku hiyo bati lote la gari, milango, vishikio, buti unayofungua kutoa gato, vyote vinaweza kushika volti 220. Au mafundi wanatengeneza laini mtaani, wanarudisha waya mbili zikiwa zimebadilishana nafasi, basi ni palepale, bila kungoja kitu kukatika. Gari limekaa juu ya mipira, umeme hauna pa kushukia. Unangoja mtu. Anayeligusa amesimama kwenye udongo uliolowa ndiye atakayekuwa waya wa ardhi.

Na ni nani anayeligusa kila usiku, saa nane, na viatu vyake vya plastiki, baada ya kunawa uso bombani? Sentineli wenu. Unampa kitu kidogo kila Jumamosi, na ninajua hukukusudia baya lolote, lakini umemweka mahali ambapo wewe mwenyewe usingeweka mwanao. Kamwambie leo kwamba kazi hiyo imekwisha, na umweleze kwa nini. Pesa ya Jumamosi usimkatie. Halafu tafuta fundi mwingine aje atoe vile viwaya vyote viwili, usiwaachie watoto prizi za namna hiyo jikoni.

Prizi iliyolainika, nayo ina sababu yake, na ukiielewa utajua kwa nini kuhamia prizi ya pili hakukusaidii. Gari lako kwa waya ule linavuta ampea 10 hivi, ni kama wati 2200. Birika ya umeme inavuta karibu hivyohivyo, lakini birika ni dakika nne, maji yamechemka, basi. Gari linavuta saa tatu, saa sita, usiku kucha, bila kupumua. Prizi yetu ya kawaida imezoea birika. Ndani yake chuma kilicholegea kidogo tu, tuseme kina ukinzani wa nusu omu, kwa ampea 10 kinatoa wati 50 za joto mahali padogo kama punje ya haragwe. Shika balbu ya zamani ya wati 60 iliyowaka saa tatu, ndiyo joto lililokuwa ndani ya plastiki yako.

Na ile ralonji! Zungusha gombo lake usome maandishi yaliyobandikwa ubavuni. Gombo nyingi zina namba mbili: moja kubwa, kama wati 3000, ni waya ukiwa umefunguliwa wote; nyingine ndogo, kama 1000, ni waya ukiwa umezungushwa. Wewe umepitisha 2200. Kama waya wake ni wa milimita 1.5, kama ilivyo kwa ralonji nyingi za sokoni, basi katika mita 40 unapoteza volti 9 na kitu njiani, na wati zaidi ya 90 zinabaki ndani ya ralonji yenyewe zikiwa joto. Zikiwa zimejikunja kwenye gombo, joto halina pa kwenda. Watu wanaogopa betri ya gari, na Jumapili utaulizwa juu ya betri, lakini moto uliokuwa unakuja nyumbani kwenu ulikuwa unatoka jikoni kwako na kwenye gombo.

Haya, majirani.

Shemeji yangu wa Kolwezi ana haki ya kutetea nyumba yake, lakini kwa hili simfuati. Ile rangi nyeupe inakupa mahali pa kusimamisha gari. Haikupi umeme. Umeme wenu unapita kwenye kontere moja na fakture mnaigawa mara nane, kwa hiyo kila uniti 8 (kilowati-saa 8) zilizoingia kwenye gari lako, wewe umelipa 1 na majirani wamelipa 7. Yule baba alikosa sana kukuita mwizi mbele ya watoto, neno hilo halisemwi mbele ya mtoto wa mtu. Lakini hesabu yake haikuwa ya uongo, na wewe ndani yako unaijua, ndiyo maana huna nguvu ya kusema maneno ya mume wako.

Kwa hiyo nenda Jumapili na namba. Gari kama lako linakula uniti 15 hadi 16 kwa kilomita 100, na ukiongeza zile zinazopotea wakati wa kuchaji, hesabu 18. Kilomita zako ni 3600. Mara 18 kwa kila mia, ni uniti 648. Gawa kwa nane: kila apartema imekulipia uniti 81 tangu mwezi wa tano. Chukua fakture, gawa pesa kwa uniti zilizoandikwa, utapata bei ya uniti moja, zidisha kwa 81. Ndiyo deni lako kwa kila mlango, saba zote. Usiseme "nitawaangalia", sema namba, na uwe nayo mkononi kwenye bahasha saba. Kama pesa haitoshi kwa mara moja, lipa Mama wa chini kwanza, wengine uwape tarehe.

Gurupe ni hesabu nyingine. Gurupe ndogo ya mazutu inakunywa karibu theluthi moja ya lita kwa kila uniti, mara nyingi zaidi kidogo. Jioni moja ya saa tatu na nusu ni uniti 7 hadi 8, sawa na lita 3 hivi. Mara tatu, lita 9. Nunua bidoni ya lita 10, uipeleke wewe mwenyewe kwenye gurupe mchana, watu wakiona, na uliseme jambo hilo kabla hujaulizwa. Mume wako umwambie usiku wa leo, asije akalisikia kwa jirani. Hilo ndilo litakalokuwa gumu kuliko yote, najua. Lakini ukilificha na siku moja likatoka, bahasha zote saba zitakuwa hazina maana.

Juu ya friji ya Mama wa chini, hapo ninakuomba uende polepole. Umeme ukishuka sana kompresa ya friji inateseka, inajaribu kuwaka inashindwa, inapata joto, mwishowe inakufa. Kwa hiyo anaweza kuwa amesema kweli. Anaweza pia kuwa amekosea, kwa kuwa jioni mtaa mzima unashuka, na delestaji, ule mgao wa umeme, inaporudisha umeme kwa kishindo friji zinakufa hata kwenye lupango zisizo na gari la namna hii. Pimeni. Fundi aweke kipimo cha volti kwenye prizi ya Mama, yeye mwenyewe akiangalia. Kisha wewe juu uwashe pasi mbili za nguo kwa pamoja, kwenye prizi mbili nzima, si zile za gari. Zinakaribia mzigo wa gari lako. Kama kipimo kinashuka volti 3 au 4, si wewe. Kama kinatoka 205 kikaanguka mpaka 180, ni wewe, mko kwenye fazi moja, yaani waya mmoja wa moto, na waya wa ngazi ni mwembamba, basi changia kutengeneza friji yake bila kusukumwa. Huyu ni mjane anayeishi kwa maji baridi. Kila siku friji inapolala, watoto watatu wanaona tofauti kwenye sahani. Nenda mlangoni kwake kabla ya Jumapili, usimtume sentineli wala mtoto, na usiende na gato. Gato itafika siku nyingine, deni likiwa limekwisha.

Sasa uliuliza kama njia ipo. Ipo, na wengi wameipita. Ufaransa tangu mwaka 2011 wana kitu wanachokiita haki ya prizi: mpangaji wa nyumba ya watu wengi anaweza kuomba aweke chaja kwenye nafasi yake, lakini kazi analipia yeye, na umeme wa gari unapimwa peke yake. Hayo mawili ndiyo yanayotuliza nyumba, na hayo mawili wewe unaweza kumwandikia mwenye nyumba hata kesho.

Laini ya gari lako isitoke jikoni kwako tena. Ianzie chini, kwenye tablo iliyo karibu na kontere kubwa, ikiwa na dijontere yake ya ampea 16, ile inayokata umeme ukizidi, diferansieli yake ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, na kontere ndogo yake. Kwenye diferansieli mwambie fundi akuonyeshe alama: unataka aina A angalau, ile iliyoandikwa AC peke yake haifai kwa gari. Waya uwe wa milimita 6, ndani ya tyubu, uzikwe au ufuate ukuta, mpaka kwenye nafasi yako. Kwa mita 40 utapoteza volti 2 na kitu badala ya 9. Mwishoni weka prizi ya bluu ya viwandani yenye kifuniko, au chaja ya ukutani kama pesa ipo, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo uwe kwako. Fishi ya waya wako lazima ilingane na prizi hiyo, na ikibadilishwa ibadilishwe na fundi, usiongeze kiunganishi cha sokoni katikati.

Waya ununue wewe mwenyewe, mdogo wangu, uende na kisu. Tunaishi katika mji wa shaba na bado tunauziwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kata ncha, kwaruza waya mmoja mpaka ndani. Ukiona weupe kama wa sufuria, rudisha. Shaba ni nyekundu mpaka moyoni, na roli yake ni nzito, mkono wako utaijua.

Waya wa ardhi ndio ninaotaka ukaze. Udongo wetu huu mwekundu, mwezi wa tisa, umekaa miezi bila mvua, mgumu kama tofali, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Fundi atapiga fimbo moja ya mita moja na nusu, ataingiza waya, atasema imekwisha. Mwambie apime na telurometa, kile kipimo cha waya wa ardhi, mbele yako. Mnatafuta chini ya omu 100. Na bahati yako ni kwamba mnapima sasa, kabla ya mvua: fimbo ikifaulu mwezi wa tisa, mwezi wa kwanza haitakusumbua, lakini ile iliyopimwa kwenye tope la mwezi wa kwanza inaweza kukuangusha kiangazi kikirudi. Isipofaulu, ongezeni ya pili na ya tatu, zikae mbalimbali kwa urefu wa fimbo au zaidi, upande ule maji ya pompi yanapomwagika.

Na hapa ndipo una kitu cha kuwapa majirani kizuri kuliko kuomba radhi peke yake. Fimbo hizo zikishapigwa na kuletwa kwenye tablo, apartema zote nane zinaweza kuunganishwa, kila mmoja akipitisha waya wake. Friji ya Mama wa chini, pompi ya kisima, mashine ya kufulia ya yule baba aliyekutukana. Pengine nyumba nzima imekaa miaka bila ardhi. Sema Jumapili kwamba fimbo na kazi ya fimbo unalipa wewe, za wote. Na tyubu ya parkingini iwe pana kuliko waya wako, ibaki na nafasi. Esansi haiwachoshi ninyi peke yenu. Jirani wa pili atakapokuja na gari au pikipiki ya umeme, asivunje tena sakafu.

Juu ya gurupe usiahidi kwa mdomo. Mwombe fundi achukue laini yako upande wa SNEL, kabla ya inversere, ile swichi ya kubadilisha kati ya SNEL na gurupe. Gurupe ikiwaka, laini yako inakuwa imekufa, hata ukitaka kuchaji huwezi. Yule baba apelekwe akaione kwa macho yake.

Saa za kuchaji nazo ziandikeni. Kwa kilomita 40 za siku unahitaji uniti 7 na kidogo, sawa na saa tatu na nusu kwa ampea 10. Hukuwa na haja ya usiku kucha. Anza saa tano usiku, pasi na majiko yakiwa yamelala. Gari lako lina saa ndani, linaweza kujianzisha lenyewe. Siku za delestaji, umeme ukirudi, acha nusu saa ipite kwanza, maana dakika zile friji zote na pompi zinaamka pamoja. Siku zingine umeme hautarudi kabisa, na gato itapanda teksi. Tafuta pia mteja mmoja au ndugu mwenye kontere yake na waya wake wa ardhi uliopimwa, ulipie uniti kwake mpaka kazi ya nyumbani iishe.

Mwenye nyumba mwandikie ukurasa mmoja, umpe Ijumaa, asikusikie kwanza kwa midomo ya mkutano. Mwambie gari limeacha kuchomekwa tangu leo, deni la uniti na mazutu unalilipa, umeomba siku 30 zaidi, na umeweka ndani mchoro wa fundi: tablo, kontere ndogo, njia ya waya, fimbo. Andika pia kwamba siku mtakapohama, waya na fimbo vinabaki kwake, kontere ndogo na chaja mnaondoka navyo. Mwenye nyumba anayeona mali inabaki ukutani kwake anasoma barua kwa jicho lingine.

Jumapili muombe mkubwa wa umri katika lupango aongoze mazungumzo, isiwe wewe na yule baba uso kwa uso. Mume wako, kama anaweza kupata siku moja ya kushuka kutoka Kolwezi, akae karibu nawe, lakini neno la kwanza liwe lako, na liwe "nimekosa", kisha namba, kisha bahasha. Mchoro wa fundi uutoe baada ya hapo. Ukianza na mchoro watasikia kwamba unataka kitu tena. Na yule baba, mwache mzee amwambie juu ya watoto wako. Ukimwambia wewe, mtarudi kwenye vita.

Wakikataa? Nyumba yenye familia nane inaweza kukataa, na mwenye nyumba anaweza kushikilia tarehe yake. Hapo gari litalala kwa ndugu yule mwenye kontere, nawe utalifuata asubuhi kabla ya gato. Ni usumbufu, lakini utakuwa umekaa nyumbani kwako bila deni na bila hofu, na mwaka ujao wataona.

Barua ni ya Ijumaa, bahasha ni za Jumapili. Sentineli ni wa leo. Shuka sasa, kabla ya saa kumi na mbili jioni, ukachukue ile ralonji mikononi mwake.